Kisakinishi cha PostgreSQL kinapogomea Visual C++: mwongozo kamili kwa Windows

Unasakinisha PostgreSQL, programu ya kutunza hifadhidata, kwenye kompyuta ya chama cha msingi Tandahimba, au kwenye maabara ya shule Lindi mjini. Kabla hata hujaulizwa nenosiri, kinatokea kidirisha: "An error occurred executing the Microsoft VC++ runtime installer". Unabonyeza OK, kila kitu kinafungwa.

Wengi hapo hupakua kisakinishi upya. Bando linaisha, na ujumbe unarudi vilevile. Unarudi kwa sababu kilichogoma si PostgreSQL. Kilichogoma ni rantaimu ya Visual C++, yaani mafaili ya Windows ambayo programu huyategemea ili iweze kwenda. Bila `vcruntime140.dll` na wenzake, `postgres.exe` haifunguki kabisa.

Kisakinishi hubeba nakala yake ya rantaimu na kujaribu kuiweka kwanza. Jaribio hilo likirudisha namba inayohesabiwa kuwa kosa, kisakinishi hughairi kazi nzima, hata kama kompyuta tayari ina rantaimu mpya zaidi kuliko hiyo. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kuitenga kazi hiyo: weka rantaimu kwa mkono, ihakiki, halafu kiambie kisakinishi kisiiguse.

Mwongozo huu unatumia PostgreSQL 16 kwenye Windows 10 au 11. Ukisakinisha toleo jingine, badilisha namba 16 kila unapoiona.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya Windows 10 au 11 ya biti 64, yenye angalau GB 5 wazi kwenye diski C.
- Akaunti yenye haki za msimamizi, pamoja na nenosiri lake.
- Kisakinishi cha PostgreSQL 16 kwa Windows x64. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo kipakue mahali penye mtandao mzuri na ukibebe kwenye fleshi.
- Faili la `vc_redist.x64.exe` kutoka Microsoft, takribani MB 25. Anwani yake ni `aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe`.
- Faili la `vc_redist.x86.exe` kutoka anwani hiyohiyo, x64 ikibadilishwa kuwa x86. Sababu yake iko mwishoni.
- Umeme wa uhakika: kompyuta mpakato yenye chaji kamili, au UPS kwa ile ya mezani. Umeme ukikatika katikati huacha folda nusunusu ambazo zitakusumbua jaribio linalofuata.

Weka mafaili yote kwenye folda moja yenye njia fupi, `C:\sakinisha`. Usiyaendeshe moja kwa moja kutoka kwenye fleshi.

Ofisi za ushirika zifanye kazi hii mapema: kabla ya Oktoba kwa wa korosho, na kabla ghala halijaanza kupokea mizigo kwa wa ufuta. Siku wakulima wamepanga foleni kwenye mizani si siku ya kuhangaika na seva.

## Hatua ya 1: Kagua kompyuta yenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, bonyeza kulia kwenye Command Prompt na uchague "Run as administrator". Tumia dirisha la namna hii kwa kazi yote; ukifanya Restart, lifungue tena hivyohivyo. Usitumie PowerShell, maana baadhi ya amri za hapa, kama `sc`, zina maana nyingine kabisa humo.

Andika:

    echo %PROCESSOR_ARCHITECTURE%

Jibu liwe `AMD64`, hata kama prosesa ni ya Intel. Likiwa `x86`, Windows yako ni ya biti 32 na safari inaishia hapo: kisakinishi hiki hakina toleo la biti 32 tangu PostgreSQL 11. Usishuke kwenye toleo la 10 ili tu mashine ikubali, kwa sababu lilikoma kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Ikiwa prosesa inaweza biti 64, weka Windows ya biti 64.

Kisha tazama tarehe, kona ya chini kulia. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa mara nyingi betri yake ndogo ya ubao, CR2032, imekwisha, na tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Tarehe ikiwa mbovu, tovuti salama hukataa kufunguka na sahihi za mafaili huonekana batili. Rekebisha tarehe, na betri ibadilishwe.

Mwisho, iwashe upya kompyuta kwa kuchagua Restart. Kuzima na kuwasha hakutoshi. Windows 10 na 11 zina mwanzo wa haraka unaohifadhi hali ya mfumo unapozima, kwa hiyo masasisho yanayosubiri yanaweza kubaki yanasubiri. Restart huanza upya kweli.

## Hatua ya 2: Hakikisha mafaili ni mazima

Faili lililokatikia njiani bando lilipoisha linaweza kuwa na jina sahihi na ikoni sahihi, na bado likawa bovu. Hapa tu ndipo unapoita PowerShell, kwa amri moja:

    powershell Get-AuthenticodeSignature C:\sakinisha\*.exe

Kila faili lionyeshe `Valid` kwenye safu ya Status. `HashMismatch` au `NotSigned` maana yake faili limeharibika au limechezewa. Lifute, upakue tena hilo tu.

Onyo. Kuna tovuti nyingi zinazotoa `vcruntime140.dll` au `msvcp140.dll` moja moja, na ushauri wa kuyatupia kwenye System32. Usifanye hivyo. Hujui lililomo ndani, na hata likiwa safi, faili moja halifanyi rantaimu: yanatakiwa yawe ya toleo moja yote. Kompyuta inayotunza uzito wa mizigo ya wakulima na malipo yao haistahili kubahatishiwa namna hiyo.

## Hatua ya 3: Ondoa mabaki ya majaribio yaliyopita

Kama hujawahi kujaribu kwenye mashine hii, ruka.

Kwanza jiulize: je, PostgreSQL imewahi kufanya kazi hapa? Kama ndiyo, folda `C:\Program Files\PostgreSQL\16\data` ina kumbukumbu halisi. Simamisha huduma ya PostgreSQL (ile amri ya `sc stop` hapo chini), nakili folda nzima kwenye diski nyingine, kisha ndipo uendelee. Usifute kitu kabla ya nakala hiyo. Hakuna hatua kwenye mwongozo huu yenye hatari kama hii.

Kama ni mabaki matupu, ondoa PostgreSQL kupitia Settings, kwenye orodha ya Apps, halafu:

    sc stop postgresql-x64-16
    sc delete postgresql-x64-16
    rmdir /s "C:\Program Files\PostgreSQL\16"

Ukiambiwa huduma haipo, sawa, endelea. Folda ya data hubaki hata baada ya kuondoa programu, na ndiyo maana inafutwa kwa mkono. Kisakinishi kikiikuta ina mafaili ya nusunusu, kitagoma baadaye kwa ujumbe mwingine kabisa na utadhani ni ugonjwa mpya.

## Hatua ya 4: Weka rantaimu kwa mkono na usome namba

    cd /d C:\sakinisha
    start /wait vc_redist.x64.exe /install /passive /norestart /log C:\sakinisha\vc.log
    echo %errorlevel%

Usiache `start /wait`. Bila hiyo dirisha halisubiri, na namba utakayosoma si ya kazi hii.

Namba hiyo ndiyo inayokuambia ufanye nini:

0 – Imewekwa. Nenda kwenye uhakiki hapo chini.

3010 – Imewekwa, lakini Windows inataka kuwashwa upya. Fanya Restart sasa hivi. Ukiendelea bila kufanya hivyo, mafaili ya zamani ndiyo bado yanatumika.

1638 – Kuna toleo jipya zaidi tayari. Hili ndilo linalowachanganya wengi. Rantaimu za 2015, 2017, 2019 na 2022 ni familia moja, toleo la 14, na jipya huchukua nafasi ya la zamani. La zamani likijaribu kuingia juu ya jipya hukataliwa, na kukataliwa huko hurudisha namba isiyo sifuri ambayo kisakinishi cha PostgreSQL kinaweza kuisoma kama kushindwa. Kompyuta yako ni nzima. Usiondoe lile jipya, kwa maana programu nyingine zinalitegemea.

1618 – Usakinishaji mwingine unaendelea, mara nyingi Windows Update. Subiri umalizike, au fanya Restart na ujaribu kabla masasisho hayajaanza tena.

1603 – Kushindwa kwa jumla, namba isiyosema mengi. Anza kwa kuangalia nafasi kwenye diski. Kisha tenganisha intaneti, zima antivairasi kwa muda na urudie. Ikigoma bado, endesha `vc_redist.x64.exe /repair`. Baada ya hapo fungua `vc.log` kwa Notepad na utafute neno `error` kuanzia chini kwenda juu. Kosa la kweli huwa karibu na mwisho. Washa antivairasi mara tu ukimaliza.

Ukiona 0x80240017, karibu kila mara uko kwenye Windows 7 au 8.1 isiyo na masasisho. Huko pia ndiko hutokea lalamiko la `api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll`, linalotibiwa na sasisho KB2999226. Kwa seva ya leo, hamia Windows 11, ambayo ina mafaili hayo tayari.

### Uhakiki

    dir C:\Windows\System32\vcruntime140*.dll
    dir C:\Windows\System32\msvcp140.dll

Lazima uone `vcruntime140.dll`, `vcruntime140_1.dll` na `msvcp140.dll`. Ukiona la kwanza bila lile la `_1`, una rantaimu ya zamani sana. Rudia hatua hii kwa faili jipya kutoka Microsoft.

Usidanganywe na majina ya folda. `System32` ndiyo hukaa mafaili ya biti 64, na `SysWOW64` ndiyo ya biti 32. Majina yanaonekana yamepinduliwa, lakini ndivyo Windows ilivyo.

## Hatua ya 5: Endesha kisakinishi bila rantaimu yake

Badala ya kubofya mara mbili, kiite kutoka kwenye dirisha la amri, ukiwa ndani ya `C:\sakinisha`. Tumia jina kamili la faili ulilonalo, kwa mfano:

    postgresql-16.4-1-windows-x64.exe --install_runtimes 0

Sifuri hiyo inakiambia: rantaimu usiiguse. Kisakinishi kitafunguka kama kawaida, na kile kidirisha hakitatokea tena.

Kwenye maswali yake:

- Folda ya data: acha ile inayopendekezwa, au chagua folda kwenye diski ya NTFS. Kamwe isiwe fleshi au diski ya exFAT, kwa sababu haziwezi kubeba ruhusa za mafaili ambazo PostgreSQL inazidai.
- Nenosiri la `postgres`: liandike mahali salama, na litunzwe na zaidi ya mtu mmoja wa ofisi.
- Mlango (Port): 5432. Kikipendekeza 5433, kuna PostgreSQL nyingine hai kwenye mashine. Rudi hatua ya 3 ujue ni ipi.
- Locale, yaani mpangilio wa lugha: chagua `C`. Baadhi ya lugha za Windows zina majina yenye herufi zinazoiangusha hatua ya kuunda hifadhidata. Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo hupotezi maneno yoyote. Tofauti utakayoiona ni kwamba kwenye kupanga majina, herufi kubwa zote hutangulia ndogo.
- Stack Builder mwishoni: ondoa tiki. Ni ya kupakua nyongeza kwa intaneti.

Kisakinishi kikigoma hapa, soma kumbukumbu yake:

    findstr /i "error exit" "%TEMP%\install-postgresql.log"

Kama faili halipo, huenda umeandika amri hii kwenye dirisha la akaunti isiyo ile iliyoendesha kisakinishi. Kumbukumbu basi iko kwenye folda ya TEMP ya akaunti hiyo, si yako.

## Ikisema "Unable to write inside TEMP environment variable path"

Ujumbe huu unapotosha. TEMP mara nyingi haina tatizo lolote. Kisakinishi hujaribu kuendesha hati ndogo ya VBScript, na Windows inakataa. Angalia mambo matatu:

    reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled
    assoc .vbs
    echo %COMSPEC%

La kwanza likionyesha 0, hati zimefungwa. Mara nyingine hufungwa kwa makusudi kuzuia virusi vya fleshi, kwa hiyo muulize anayesimamia mashine. Akiruhusu, fungua kwa:

    reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 1 /f

Ukimaliza kusakinisha, rudia amri hiyo ukiweka 0 badala ya 1.

La pili lijibu `.vbs=VBSFile`. Kama sivyo, andika `assoc .vbs=VBSFile`. La tatu lijibu `C:\Windows\system32\cmd.exe` bila nukta-mkato mwishoni. Nukta-mkato hiyo moja inatosha kuzuia usakinishaji.

## Ikisema "The database cluster initialisation failed"

Hapa programu imeingia, lakini folda ya data haikuundwa. Usisakinishe upya. Kwanza pima kama rantaimu inafanya kazi:

    cd /d "C:\Program Files\PostgreSQL\16\bin"
    initdb --version
    echo %errorlevel%

Ukipata namba ya toleo na 0, rantaimu ni nzima na tatizo ni ruhusa au locale. Ukipata -1073741515, kuna DLL inayokosekana: rudi hatua ya 4. Ukipata -1073741701, mafaili ya biti 32 na 64 yamechanganyika. Chanzo chake mara nyingi ni DLL iliyotupiwa System32 kwa mkono, `vc_redist.x64.exe /repair` hurudisha iliyo sahihi.

Kama rantaimu ni nzima, unda hifadhidata kwa mkono kwenye folda mpya tupu:

    mkdir C:\pgdata
    icacls C:\pgdata /grant "%USERNAME%:(OI)(CI)F"
    icacls C:\pgdata /grant "*S-1-5-20:(OI)(CI)F"
    initdb -D C:\pgdata -U postgres -W -E UTF8 --locale=C -A scram-sha-256

Amri ya pili inakupa wewe ruhusa kwa jina lako. Ni ya lazima hata kama ni msimamizi, kwa sababu `initdb` huvua haki za usimamizi kabla ya kuanza kazi. Ya tatu inampa ruhusa Network Service, akaunti itakayoendesha huduma; S-1-5-20 ndiyo namba yake kwenye kila Windows.

Utaulizwa nenosiri mara mbili. Herufi hazionekani unapoandika, na kibodi haijafa. Andika na ubonyeze Enter. Mwishoni lazima uone `Success. You can now start the database server using`. Usifuate amri inayoorodheshwa chini yake. Sajili huduma badala yake:

    sc delete postgresql-x64-16
    pg_ctl register -N postgresql-x64-16 -D C:\pgdata -U "NT AUTHORITY\NetworkService"
    net start postgresql-x64-16

## Hatua ya 6: Thibitisha

    sc query postgresql-x64-16

Tafuta `4 RUNNING`. Kisha, ukiwa ndani ya folda ya bin (`C:\Program Files\PostgreSQL\16\bin`):

    psql -U postgres -c "select version();"

Jibu linaanza na `PostgreSQL 16` na kuishia na `64-bit`. Onyo kuhusu "console code page" lisikutishe. Linahusu herufi zenye alama ambazo Kiswahili hakina.

Sasa fanya Restart, usifungue programu yoyote, na urudie `sc query`. Umeme unaokatika na kurudi usiku utaiweka seva katika hali hiihii, na huduma inapaswa kuamka bila mtu kuigusa. Isipoamka:

    sc config postgresql-x64-16 start= auto

Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni ya lazima.

## Seva inakwenda, lakini programu ya ofisi haiunganishi

Programu nyingi za hesabu za zamani, pamoja na Excel au Access ya biti 32, huunganishwa na PostgreSQL kupitia kiunganishi kiitwacho psqlODBC, cha biti 32. Hicho nacho kinahitaji rantaimu, na ile ya x64 uliyoweka hakiwezi kuitumia. Endesha `vc_redist.x86.exe` kwenye kila kompyuta yenye programu hiyo, hata kama yenyewe si seva. Hakiki kwa:

    dir C:\Windows\SysWOW64\vcruntime140.dll

Hapa usitafute `vcruntime140_1.dll`, upande wa biti 32 haipo. Kisha tengeneza muunganisho kwa `C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe`. Ile inayofunguka ukiandika `odbcad32` kwenye dirisha la amri la kawaida ni ya biti 64, na kiunganishi ulichoweka hakitaonekana kwenye orodha yake.